Mkate Una Saa Zake: Namna ya Kuuchagua, Kuuoka, Kuutunza na Kuula

Mkate mmoja ukiuonja mara nne ndani ya siku mbili, utakuta ladha nne. Ukitoka tu motoni, ndani bado unanata na harufu inapanda hadi inafunika ladha. Ukipoa, ganda linavunjika kwa mlio na ladha inajitokeza. Jioni ganda limelegea. Kesho yake asubuhi unataka moto kidogo ndipo upendeze tena. Wengi wanaolalamika kwamba mkate walionunua hauna ladha hawakuuziwa mkate mbaya. Wameula katika saa isiyo yake, au wameuweka mahali panapouharibu. Kwa hiyo mwongozo huu unaufuata mkate kwa mpangilio wa muda wake, tangu kaunta ya bekari na meza ya sokoni hadi kipande cha mwisho kilichokauka, na ndani yake kuna mkate mmoja wa kuoka mwenyewe.

Hatua ya 1: Ukiwa bekari

Kabla ya kutoa pesa, amua mkate huo utaliwa lini. Swali hilo ndilo linalopanga mengine yote. Mkate mwembamba mrefu, ambao sehemu kubwa yake ni ganda, ni wa siku hiyohiyo. Ukilala umeshapoteza sifa yake kuu. Mkate mkubwa wa mviringo ulioumuliwa kwa chachu, yaani unga na maji vilivyoachwa vichache vyenyewe, hukaa vizuri siku tatu au nne. Mkate wa rai, nafaka iliyo jamaa ya ngano, ladha yake hukolea siku ya pili. Mikate laini yenye maziwa, siagi na sukari hubaki laini siku kadhaa, kwa sababu mafuta huchelewesha ugumu. Mtu anayenunua mkate mwembamba asubuhi ili aule kesho jioni anajitafutia masikitiko.

Ukishaamua, tumia macho. Ganda la kahawia iliyokolea lina ladha kuliko ganda lililopauka. Rangi hiyo hutokea protini na sukari za unga zinapokutana kwenye joto kali, kuanzia kama nyuzi 140 za Selsiasi, na papo hapo ndipo inapozaliwa ile harufu inayowavuta watu kutoka barabarani. Mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard ndiye aliyeeleza jambo hili mwaka 1912. Bekari nyingi hutoa mikate mapema kidogo kwa kuwa wateja huidhania iliyokolea rangi kuwa imeungua. Mimi ningekuambia uombe ule uliokolea zaidi kwenye rafu, kisha uugeuze uangalie tumbo lake. Juu pamekolea lakini chini pamepauka? Basi huo haukuiva sawasawa.

Uinue. Mkate wa unga mweupe unatakiwa kuwa mwepesi kuliko ulivyotarajia kwa kuuangalia. Ukikuta mzito kama donge, ama haukupewa muda wa kuumuka ama ndani ni mbichi. Wa unga usiokobolewa, wa rai au wenye mbegu utakuwa mzito, na hilo ni sawa.

Usidanganyike na rangi ya ndani. Mkate wa kahawia unaweza kuwa wa unga mweupe uliotiwa rangi ya sukari iliyounguzwa au kimea. Kama unataka unga usiokobolewa, soma orodha ya viambato na uhakikishe huo ndio ulioandikwa wa kwanza, maana viambato hupangwa kuanzia kilichotumika kwa wingi zaidi.

Orodha hiyo inastahili dakika yako. Mkate unahitaji vitu vinne: unga, maji, chumvi na hamira au chachu. Ufaransa ililichukulia jambo hili kwa uzito kiasi cha kuliwekea amri ya serikali mwaka 1993: mkate unaouzwa kwa jina la mkate wa asili wa Kifaransa hauruhusiwi kugandishwa katika hatua yoyote ya kutengenezwa wala kutiwa dawa za kuuboresha. Mwaka 1998 ikaja sheria nyingine, kwamba duka lisijiite la mwokaji mikate kama unga haukandwi na mkate haukuokwa na mwokaji mwenyewe pale pale. Upande wa pili wa historia hiyo ni Chorleywood, Uingereza, ambako mwaka 1961 watafiti walibuni njia ya kuukanda unga kwa mashine zenye kasi kubwa pamoja na viongezo, hata mkate ukaweza kutoka kwenye unga mkavu hadi kwenye karatasi yake kwa muda wa saa tatu na nusu hivi. Njia hiyo ililisha watu wengi kwa bei nafuu, na hilo si jambo la kubezwa. Ila muda uliopunguzwa pale ndio uliokuwa ukitengeneza ladha. Unga ukiumuka polepole, hamira na bakteria hutoa asidi na vitu vingine vyenye harufu, na hakuna mashine inayoviharakisha.

Kwa hiyo muulize muuzaji. Maswali matatu yanatosha: huu umetoka tanurini saa ngapi, uliumuka kwa muda gani, na upi uliopo hapa utakuwa mzuri kesho? Mwokaji anayeipenda kazi yake hufurahia maswali haya na mara nyingi atakuelekeza kwenye mkate ambao hukuutazamia. Muuzaji asiyejua umetoka saa ngapi huenda anauza mikate iliyoletwa kutoka kwingine. Huenda ni mizuri vilevile, lakini inunue kwa kuukagua mmoja mmoja, si kwa sifa ya duka.

Akikuuliza kama akukatie slesi, mwambie hapana, isipokuwa utaula wote leo au utaugandisha. Kila slesi ni nyuso mbili mpya za kupotezea unyevu. Mashine ya kukata mkate ya Otto Rohwedder ilianza kazi mwaka 1928 katika mji wa Chillicothe, jimbo la Missouri, Marekani, na watu waliipenda mno. Hata hivyo, vita ilipobana mwaka 1943, serikali ya Marekani ilipiga marufuku mikate iliyokatwa kuanzia Januari hadi Machi, na mojawapo ya sababu zilizotolewa ni kwamba mkate wa slesi huhitaji karatasi nzito zaidi ya kuufunga usikauke. Nyumbani kwako kanuni ni ileile: mkate mzima hujilinda wenyewe.

Hatua ya 2: Ukiwa sokoni

Sokoni una nafasi ambayo bekari hukupa mara chache: mara nyingi anayeuza ndiye aliyeoka, na mikate mikubwa huuzwa nusu au robo. Nusu ni ununuzi mzuri hata kama ungeweza kubeba mzima, kwa sababu unaona ndani kabla ya kulipa. Tafuta matundu yasiyolingana, makubwa kwa madogo, yenye kuta zinazong'aa kidogo. Hiyo ni dalili ya unga uliopewa maji ya kutosha na muda wa kutosha. Mstari mzito, mbichi, ulionyooka karibu na chini ni dalili mbaya. Bonyeza pale palipokatwa kwa kidole, kama muuzaji anaruhusu na kipande ni cha kuonjea: ndani ya mkate mzuri hurudi mahali pake.

Angalia pia mkate umekaaje. Jua la moja kwa moja hukausha upande mmoja na upepo huukausha mwingine, kwa hiyo chukua wa katikati ya rundo, au ule uliofunikwa kwa kitambaa. Vumbi na nzi havihitaji maelezo. Angalia mikono: anayepokea pesa na kushika mkate bila koleo wala karatasi ananipa sababu ya kusogea meza ya pili.

Mikate iliyofungwa kwenye plastiki ichunguze kwa karibu. Inyanyue kwenye mwanga. Ukiona ukungu wa mvuke umeganda ndani ya mfuko, au vitone vidogo vya maji vimejipanga kwenye mkunjo wa juu, mkate huo ulifungwa ungali na joto. Ganda lake limekwisha kuwa kama ngozi iliyolowa, na unyevu huo ndio kuvu wanaoungojea. Uache.

Wahi, ama uchelewe makusudi. Asubuhi unachagua, saa ya mwisho unapata bei, kwa kuwa hakuna anayependa kurudi nyumbani na mikate. Mikate ya chachu ndiyo ya kununua saa hiyo ya mwisho, maana nusu siku haiipunguzii kitu. Beba mfuko wa kitambaa, mkate uwe juu ya vyote ndani ya kikapu, na uutenge na samaki, vitunguu na sabuni. Mkate hunywa harufu ya jirani yake na hauitoi tena.

Hatua ya 3: Kusubiri na kukata

Hapa ndipo uvumilivu unapolipwa. Mkate unapotoka motoni, katikati yake pana joto la nyuzi 93 hadi 98, wanga haujashikana na mvuke bado unatafuta njia ya kutoka. Ukiukata wakati huo, kisu kinaburuta kitu cha kunata, mvuke unaondoka kwa ghafla, na kilichobaki kinakauka mapema. Uweke juu ya wavu ili hewa ipite chini. Mkate mdogo unahitaji saa moja, mkubwa saa mbili. Wa rai mtupu ungoje hadi kesho yake, maana rai hushika maji mengi na huchukua muda kutulia. Mikate bapa na ile midogo ya kifungua kinywa haimo katika sheria hii: kuleni ikiwa moto.

Ukisubiri karibu na mkate wenye ganda kavu, utausikia. Ganda husinyaa kwa kupoa na kupasuka nyufa nyembamba, tik, tik, kwa dakika kadhaa. Ukisikia sauti hiyo bekari, umefika wakati wake.

Kwa kukata, tumia kisu cha meno, kirefu kuliko upana wa mkate, na ukiendeshe kama msumeno bila kukandamiza. Ganda likiwa gumu, laza mkate ubavu na uanzie pembeni. Unene ufuate uzito: mkate wa rai ukatwe mwembamba, nusu sentimita hivi, mweupe wenye matundu ukatwe hata sentimita mbili. Mkate utakaoliwa kwa siku kadhaa uanzie katikati. Kata nusu, toa slesi zako, kisha rudisha nusu mbili zikabiliane uso kwa uso na kuzibana pamoja. Hakuna upande uliobaki wazi.

Kwenye mikate mingine kisu hakihitajiki kabisa. Mikate iliyokutwa Pompeii, mji wa Italia uliofunikwa na volkano mwaka 79, ilikuwa ya duara na imechorwa mistari inayoigawa vipande 8, tayari kumegwa kwa mkono. Kumega kunaacha uso wenye makunyanzi unaoshika mchuzi vizuri kuliko slesi iliyonyooka. Mezani penye mchuzi, weka kisu pembeni.

Hatua ya 4: Kuonja

Tonge la kwanza ulile tupu. Mega kipande chenye ganda na ndani pamoja, nusa upande wa ndani, halafu utafune taratibu kuliko kawaida yako. Baada ya sekunde chache utamu utaanza kujitokeza: kimeng'enya kilicho kwenye mate huvunja wanga na kuutoa sukari. Mkate wa haraka utakupa utamu huo peke yake. Mkate uliolala ukiumuka utakupa pia uchachu kidogo, harufu ya nafaka, wakati mwingine kitu kinachokaribia karanga zilizokaangwa, hasa kwenye ganda.

Baada ya hapo paka unachopenda. Siagi iwe imetolewa kwenye friji mapema, la sivyo itauchana mkate. Mkate wenye uchachu unapendeza na vitu vyenye mafuta kama jibini. Mkate mtamu mlaini unachukuana na asali au jemu na kinywaji cha moto. Zaidi ya hapo, ulimi wako ndio mwamuzi.

Neno moja kwa anayekaribisha wageni: mwenye ugonjwa wa siliaki, ambao utumbo wake hudhuriwa na gluteni, protini ya nafaka hizi, hawezi kula ngano, shayiri wala rai hata kidogo, na chachu ya asili haiondoi tatizo hilo. Muulize kabla ya kuandaa meza, na kisu cha mkate wake kiwe chake.

Hatua ya 5: Kuutunza

Wengi huamini mkate hugeuka mgumu kwa sababu umekauka. Kukauka kupo, lakini si chanzo kikuu. Mwaka 1852 mwanasayansi Mfaransa Jean-Baptiste Boussingault alionyesha kwamba mkate uliozibwa kabisa, usiopoteza unyevu, huwa mgumu vilevile, na kwamba ukipashwa moto hurudi kuwa laini. Kinachotokea ni kwamba wanga, uliovimba na kulainika ndani ya tanuri, unajipanga upya na kugandamana unapokaa. Ugandamanaji huo huenda kasi zaidi kwenye baridi isiyofikia kugandisha, yaani lile joto la friji yako.

Maana yake ni kwamba friji ni mahali pabaya kuliko pote pa kuweka mkate unaotaka ubaki laini. Siku moja ndani yake inaweza kuuzeesha kama siku kadhaa mezani. Friza ni jambo jingine: kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri ugandamanaji karibu unasimama, na mkate unakaa mwezi mmoja hata miwili bila kupoteza kikubwa.

Kwa mkate utakaoliwa leo na kesho, chagua unachotaka kuokoa. Mfuko wa karatasi au kitambaa hulinda ganda, ila ndani hukauka mapema. Plastiki hulinda ulaini wa ndani, ila ganda hulegea, na mahali penye joto na unyevunyevu kuvu watakutangulia. Kwa mkate wenye ganda, mimi nachagua kitambaa siku ya kwanza, upande uliokatwa ukiwa umelala juu ya ubao, kisha ya pili nauingiza kwenye mfuko au nauingiza wote kwenye friza.

Kama hewa ya unapoishi ni ya joto na unyevu, usingoje siku ya pili. Mkate ukishapoa kabisa, kata slesi, zitenganishe kwa vipande vya karatasi, ondoa hewa kwenye mfuko, gandisha siku hiyohiyo. Slesi zinatoka moja moja na kwenda moja kwa moja kwenye kibaniko bila kuyeyushwa. Njia hii ndiyo inayowafaa watu wanaoishi peke yao, ambao hulazimika kuchagua kati ya mkate mdogo usio na ladha na mkubwa utakaoharibika.

Mkate ukipata kuvu, tupa wote. Kile kidoa cha kijani ni sehemu inayoonekana tu. Nyuzi zake zimekwisha kupita ndani ya mkate laini, mbali na ulipoona. Usiunuse pia. Na kuna uharibifu mwingine wa nyakati za joto ambao wengi hawaujui: mkate unatoa harufu tamu ya nanasi au tikiti lililoiva mno, na ukiumega unavuta nyuzinyuzi za kunata katikati. Hao ni bakteria ambao mbegu zao hustahimili joto la tanuri. Tupa, kisha osha chombo cha mkate kwa maji yaliyotiwa siki na ukikaushe.

Hatua ya 6: Kuufufua

Kwa kuwa ugumu wa mkate ni wanga uliojipanga, joto la kama nyuzi 60 na kuendelea linaweza kuuvuruga mpangilio huo. Mkate mzima au nusu uliolala: lowesha ganda kwa mkono wenye maji, au uupitishe haraka chini ya bomba, kisha uingie oveni ya nyuzi 180 kwa dakika 8 hadi 10. Maji yanageuka mvuke, ndani panalainika, na ganda linakauka tena likivunjika. Ule papo hapo. Mkate uliofufuliwa huzeeka kwa kasi kuliko mwanzo, na kuurudia mara ya pili hakuna faida, kwa hiyo fufua kipande utakachokimaliza.

Huna oveni? Weka sufuria nzito juu ya moto mdogo, ndani yake, chini, weka kiwavu au vijiti vya kuinulia mkate, funika, acha dakika 10. Kwa slesi, kikaango kikavu kinatosha, dakika mbili kila upande. Maikrowevu huulainisha mkate kwa sekunde chache na kuuacha mgumu kama mpira muda mfupi baadaye. Itumie tu kama utakula ukiwa umesimama hapo hapo.

Hatua ya 7: Kuoka mkate mmoja nyumbani

Huu ni mkate wa kuanzia, na kwangu ndio wa kuendelea nao pia. Haukandwi. Muda ndio unaokanda. Jim Lahey, mwokaji wa New York, ndiye aliyeifanya njia hii ijulikane duniani mwaka 2006, na nguvu yake ni kwamba unga uliolowa ukiachwa saa nyingi hujenga gluteni wenyewe, ule utando unaoshika hewa.

Pima kwa mizani. Kikombe kimoja cha unga kinaweza kuwa gramu 120 au 150 kulingana na ulivyokijaza, na tofauti hiyo inatosha kuharibu kazi. Unahitaji:

- unga wa ngano wa mkate, gramu 500
- maji ya uvuguvugu wa kawaida, gramu 350
- chumvi, gramu 10
- hamira ya chengachenga isiyohitaji kuloweshwa, gramu 1, yaani robo ya kijiko cha chai hadi theluthi

Waokaji huhesabu kila kitu kwa asilimia ya unga: maji 70, chumvi 2. Ukishazishika namba hizo unaweza kuoka mkate wa ukubwa wowote. Chumvi usiiruke. Pamoja na ladha, huimarisha gluteni na kuizuia hamira isikimbie.

1. Jioni, changanya unga, chumvi na hamira kwenye bakuli kubwa. Mimina maji, koroga kwa mkono au mwiko hadi usione unga mkavu. Donge litakuwa baya la kutazama na la kunata. Ndivyo linavyotakiwa.

2. Baada ya nusu saa, lowesha mkono, shika ukingo mmoja wa donge, livute juu na ulikunje hadi katikati. Zungusha bakuli, rudia pande nne. Utahisi limeanza kukataa kuvutwa. Funika.

3. Acha usiku kucha, kwa muda wa saa 10 hadi 14, mahali pa kawaida. Panapokuwa na joto jingi, zaidi ya nyuzi 26 hivi, liache saa mbili nje kisha lilale kwenye friji. Hapa friji ni rafiki, kwa kuwa inachelewesha hamira na ladha inaendelea kujengeka. Asubuhi donge liwe limekua mara mbili, limejaa mapovu na linanukia uchachu mwepesi. Likinuka pombe kali na limebonyea katikati, limepitiliza. Lioke hivyo hivyo kama mkate bapa.

4. Nyunyizia unga mezani, limimine donge taratibu usilipasue hewa. Kunja pande zake kuelekea katikati kama bahasha, ligeuze, kisha livute kuelekea kwako kwa mikono miwili ili ngozi ya juu ikaze. Lilaze kwenye karatasi ya kuokea, lifunike kwa saa moja. Ukilibonyeza kwa kidole chenye unga, shimo lirudi polepole na kuacha alama ndogo. Likirudi mara moja, ngoja. Lisiporudi kabisa, liingize motoni sasa hivi.

5. Wakati huo pasha oveni hadi nyuzi 230 ikiwa na sufuria nzito ya chuma yenye mfuniko ndani yake, kwa dakika 30. Isiwe ya kupakwa dawa ya kutonata wala yenye mishikio ya plastiki, na uwe na glavu nene za jikoni.

6. Chana donge juu kwa wembe au kisu kikali, mstari mmoja wenye kina cha sentimita moja. Bila kuchanwa, mkate hupasukia popote unapotaka wenyewe. Lishushe na karatasi yake ndani ya sufuria, funika, rudisha. Kwa dakika 30 hizi mvuke wa donge umefungiwa ndani, unaiweka ngozi laini ili mkate upande, na ndio unaoliacha ganda liking'aa.

7. Funua, oka dakika 15 hadi 20 nyingine. Hapa usiwe mwoga. Subiri kahawia iliyokolea, na kingo za ule mchano ziwe nyeusi zaidi. Ukiwa na kipimajoto, katikati isome nyuzi 96.

8. Utoe, uweke kwenye wavu, urudi Hatua ya 3.

Asiye na oveni agawe donge hilohilo vipande 8, avitandaze unene wa sentimita mbili, avipumzishe nusu saa, kisha avioke kwenye kikaango kizito kikavu chenye mfuniko, moto mdogo, dakika 8 hivi kila upande. Ganda halitakuwa lile, ila ladha ya usiku mzima imo.

Hatua ya 8: Mkate uliokauka

Kuna vyakula ambavyo mkate mpya huviharibu. Slesi zilizolala siku mbili hunywa maziwa na yai bila kusambaratika, ndizo za kukaanga kwa siagi au kupanga kwenye bakuli la pudini. Vipande vyake vikikaangwa kwa mafuta na kitunguu saumu huelea juu ya supu bila kuwa uji. Kwa saladi ya nyanya zenye maji, umege mkate mkavu ndani yake na uache robo saa kabla ya kuandaa.

Masalio ya mwisho yakaushe kwenye oveni ya nyuzi 120 hadi yavunjike kama biskuti, yasage, yachekeche. Yaliyo laini ni ya kupakia samaki na kuku kabla ya kukaanga, makubwa ni ya kumwagia juu ya mboga zinazookwa. Chupa kavu yenye mfuniko huyatunza wiki kadhaa. Yale yaliyotokana na mkate wenye siagi au maziwa yaweke friza, kwa sababu mafuta yake huchacha.